Kuhusu Wamarekani Waliomfungua Clifford Mdomo

Kirkby Thrang,
Yorkshire.

Ndugu Mhariri wa Mwongozo kwa Wamarekani Waendao Vijijini Uingereza,

Natumaini hujambo. Sisi huku mvua inanyesha, yaani tu wazima. Nakuandikia kwa heshima zote, ila nimekasirika, na ni vizuri ulijue hilo mapema.

1. Kitabu chako kinawaambia wageni: mwenyeji akikusalimu, simama uongee naye. Hivi nani alikutuma? Njia yetu inatosha gari moja. Mume wangu Clifford alirudi kinyumenyume hadi mahali pa kupishania, akawapisha Bwana Randall na mkewe Darlene, watu wa Nebraska. Kisha akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kama afanyavyo kila mtu mwenye adabu zake. Maana yake ni pita, uende zako. Randall akazima gari katikati ya njia, akashuka, akampa mkono dirishani. Kondoo wa jirani yetu Bwana Metcalfe wakapanga foleni nyuma yao.

2. Kwa kubanwa, Clifford akawaambia waje siku moja wanywe chai. Mhariri, huku kwetu hivyo ndivyo mtu anavyofukuzwa. Dada yangu namkaribisha hivyo tangu niolewe, hajakanyaga hapa, na tunapendana sana. Hawa wakaja alasiri ileile, na maua mkononi.

3. Mezani Darlene akamuuliza Clifford anajisikiaje. Akajibu si vibaya, na hapo mazungumzo yalikuwa yamekwisha kihalali. Yule mama akauliza tena, huku amemshika mkono! Basi Clifford akafunguka: marehemu baba yake, kondoo aliyemfia kwenye theluji, upweke wa kule mlimani. Mimi nilikimbilia jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

4. Hili ndilo kubwa. Tangu waondoke, kila asubuhi Clifford ananitazama juu ya yai lake na kusema, "Mavis, nakupenda." Hata chai sijamimina! Mara ya kwanza nilimuuliza, "Kwani daktari kakwambia nini?" Mke wa kasisi alisikia akipita dirishani, akaleta supu na pole. Sasa baa nzima inaamini Clifford anakufa, na seremala wa majeneza kamwangalia urefu wake mara mbili. Nyumba yangu ilikuwa na amani yake, Mhariri. Siku hizi nashuka ngazi kwa woga, sijui uso niuweke wapi.

Kwa hiyo naomba kitabu kichapwe upya. Wageni wapandishe vioo, wapite. Wasimuulize mtu yeyote anajisikiaje. Wakizidiwa, wamuulize farasi. Kwenye uwanja wa ndege wakaguliwe hisia kama wanavyokaguliwa nyama mizigoni. Na Randall na Darlene warudi kwa nauli yao, wamrudishe Clifford kama walivyomkuta.

Nisalimie wachapaji, wake zao, mama zao, na Nebraska yote, kwa mbali.

Wako kwa hasira na adabu,
Bi. Mavis Outhwaite

N.B. Kabla sijabandika stempu, Clifford kasema tena, nami ikanitoka: nimemjibu kwamba nampenda pia. Sasa tumekaa hapa mezani tunatazamana, mayai yanapoa, na hakuna kati yetu anayejua kinachofuata. Tafadhali ichane barua hii, na ututumie Wamarekani upesi.