Kuhusu Kunikalisha Karibu na Baba Mkwe

Lubumbashi, Alhamisi tarehe 19 Juni 2025
Ni mwezi wa kumi sasa tangu niondoke nyumbani Pweto

Kwa Daktari Mkuu, Chumba cha Wagonjwa Mahututi

Bwana Daktari,

Pokea heshima zangu. Mimi ni Chisanga, kibarua wa kuchimba mitaro kwenye mgodi wa Kinsevere. Shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo nikikosea kuandika unisamehe, lakini nikisema kweli usinikasirikie.

Nakuandikia kuhusu mgonjwa wa kitanda cha tatu, aliyeanguka kutoka juu ya lori la samaki wakavu akagonga kichwa barabarani. Jina lake silitaji. Ni baba wa mke wangu Mutale, na kwetu mkwe hataji jina la baba mkwe, hamgusi, hakai naye mkeka mmoja, na akimwona njiani humpisha na kuingia majanini. Kwa bahati mbaya hapa mjini mzee hana mtu mwingine. Watoto wake wako Pweto, na ubovu wa ile njia unaujua. Akibaki bila akili mikononi mwangu, sijui nitamtazama Mutale kwa macho gani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mzee alipoamka kutoka usingizi ule mrefu, akili haikurudi naye. Aling'oa mipira ya dawa, akapiga mateke, akataka kushuka kitandani akavute nyavu. Mimi nikaleta kamba mara moja, kamba nzuri, mpya. Muuguzi Myriam akaitazama kama nimeleta nyoka, akasema mtu akifungwa ndipo anazidi kupigana. Halafu akafunua shuka, akakuta mpira wa mkojo umejikunja. Akaunyoosha, mzee akatulia. Hilo nakubali. Lakini kamba yangu haijarudishwa.

2. Basi nikaomba mumpige sindano ya usingizi, alale mpaka watoto wake wafike. Ukanijibu wewe mwenyewe kwamba dawa ikizidi itamchanganya zaidi, tena itawafichia hali ya ubongo. Ukasema sura anayoijua itamsaidia, ukanisukumia kiti. Bwana Daktari, sura yangu haijui. Tangu nimwoe binti yake nimekuwa nikimwonyesha kisogo, kwa heshima.

3. Nimeamriwa nimshike mkono. Nilimshika kupitia shuka. Myriam akaondoa shuka.

4. Nimeamriwa pia nimwite jina. Kila asubuhi Myriam anamuuliza, "Papa, uko wapi? Leo iko siku gani?" Mzee anajibu kwamba yuko ziwani na leo ni siku ya samaki wengi. Hapo mimi ndiye natakiwa kuinama sikioni, nimtaje jina, nimwambie taratibu kwamba yuko hospitali Lubumbashi, aliumia kichwa, na yuko salama. Nisibishane naye, wala nisimdanganye. Nilijaribu kumwita Baba Mutale. "Muite jina yake," Myriam akasema. "Kichwa yake inatafuta njia, na wewe unamuficha njia." Nikalitaja. Jasho lilinitoka, na huu ni mwezi wa baridi.

5. Baya kuliko yote, mzee ananidhani mimi ni Kalaba, rafiki yake wa kuvua samaki aliyekwisha kufariki. Nikimwambia mimi ni Chisanga, anacheka. Ananisimulia kwamba binti yake ameolewa na kijana mpole anayefanya kazi mbali, ila akimwona mkwewe anakimbilia majanini kama sungura. "Kalaba, ule mutoto anaogopa nini?" ananiuliza. Nijibu nini mimi? Nimekwisha kusikia mambo ambayo mkwe hapaswi kusikia, pamoja na habari za mwanamke mmoja wa Mokambo.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu: mumfunge, au mumlaze, au mumtafutie mtu mwingine. Kama yote hayawezekani, niandikieni karatasi yenye muhuri kwamba ndoa yangu imesimamishwa tangu siku mzee alipoingia hospitali hadi siku atakapotoka, ili kwa muda huo nisihesabiwe mkwe. Akitoka, ndoa iendelee pale ilipoishia. Mutale nitamweleza mwenyewe.

Wasalimie madaktari wenzako, mama anayepiga deki, na jamaa wa kitanda cha nne wanaonigawia bukari, ugali wao, bila kuniuliza mimi ni nani.

Ni mimi, mkwe asiye na pa kukimbilia,
Chisanga

N.B. Hayo niliyaandika asubuhi. Mchana huu Myriam amemuuliza tena, na mzee akajibu: hospitali, Lubumbashi, Alhamisi. Akanigeukia. Nikauachia mkono wake, nikarudi nyuma hadi mlangoni, nikatazama sakafu kama inavyopasa. Akauliza ni nani aliyekuwa akimwita jina siku zote hizi. Nikasema ni muuguzi. Myriam akakohoa. Mzee akasema, "Umwambie ule muuguzi kiti yake iko wazi. Aendelee kuniita. Bado sijapona muzuri."

Tafadhali usifanye hata moja kati ya yale niliyoomba. Watoto wake wakifika, wasubiri kidogo kwenye korido. Mkituruhusu, Pweto tutarudi pamoja mwisho wa Julai.