Kompyuta ya Rangi Moja

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza shajara. Watu wakubwa huandika mambo yao kabla hawajawa wakubwa, ili baadaye wasisumbuke kukumbuka.

Uamuzi umepita. Naunda kompyuta ya kuchezea mpira na kurusha mechi zangu moja kwa moja mtandaoni. Watu watanitazama nikifunga mabao na kutoa maneno. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anarusha za kwake kila Jumamosi. Tunamwita Kocha, kwa sababu hawezi kumwona mtu akifunga kamba za viatu asimwelekeze. Ana watazamaji arobaini. Arobaini! Na kona hajui kupiga.

Pa kuiweka: chumba cha uani. Hapo ndipo penye utata. Mke wangu anakitaka kwa ajili ya cherehani yake, na tumevutana tangu mwaka jana. Leo kanipa sharti. Mpaka Jumapili ya wiki ijayo jioni, mashine iwe inafanya kazi na mtu mmoja wa nje awe ananitazama. Mmoja tu. Kocha hahesabiki, ni wa nyumbani. Nikishindwa, chumba ni chake, na nisije nikanuna.

Nikakubali palepale. Nahisi alitabasamu.

Niseme ukweli hapa pasipo na msomaji. Nakitaka hicho chumba kuliko anavyodhani. Mimi ni muuza mapazia. Siku nzima niko kwenye madirisha ya watu. Nikirudi nyumbani, kiti chochote nitakachokalia naambiwa baba, hebu sogea kidogo. Nataka pahali pamoja tu ambapo sisogei.

Jumanne, 4 Machi

Kocha kapiga simu. Kashasikia. Nyumba hii haina siri, ina dada na kaka.

Akajitolea kunisaidia kuchagua vipuri. Anadai si kila kipuri kinakwenda na kingine, lazima vipatane. Nikamwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kupatanisha vitu ndiyo kazi yangu! Mtu akija na kipande cha kitambaa cha kochi, nampa pazia linalokwenda nacho hata nikiwa nimefumba jicho moja. Leo nikafundishwe kupatanisha na kijana anayevaa soksi za njano na suruali ya kahawia.

Jumatano, 5 Machi

Nimenunua. Kila kitu. Kwa muuza vipuri vya mitumba nyuma ya soko, mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliniuliza nataka prosesa, ule ubongo wa mashine, ya kampuni gani. Nikamwambia nyekundu. Akaniuliza tena, taratibu, labda alidhani masikio yangu yana tatizo. Nikamweleza kwamba nataka nyekundu na nyeusi tupu, kitu cha kijani nisikione.

Basi nimepata prosesa ndani ya boksi jekundu. Mazabodi nyekundu, ile bodi kubwa ambayo vipuri vyote hukaa juu yake. Ramu mbili nyekundu, vibao vya kumbukumbu. Kadi ya picha nyeusi yenye mstari mwekundu, ndefu, ya heshima. Kasha jeusi, na kioo cha kutazamia. Pawa saplai ya kugawa umeme, nyeusi yenye feni nyekundu. Nimevipanga mezani. Vinapendeza, unaweza kuvitolea posa.

Muuzaji alinikumbusha kwamba kwake kikitoka hakirudi. Nikacheka. Nani arudishe?

Ijumaa, 7 Machi

Prosesa haikai.

Nimeigeuza pande zote. Ina vipini vidogo chini, na mazabodi nayo ina vipini vyake juu, na vipini kwa vipini havishikani. Nikasoma maandishi madogo kwenye boksi kwa kioo cha kukuzia cha mke wangu. Prosesa ni ya kampuni moja, mazabodi imetengenezewa prosesa za kampuni nyingine, mahasimu wake. Wamepatana rangi tu.

Ramu nazo zimekataa. Pengo la ramu liko kulia, pengo la mazabodi liko kushoto. Nilisukuma kidogo. Ikalia kah. Nikaacha.

Kadi ya picha imelizidi kasha kwa upana wa vidole vinne. Hilo nimelitatua kiume. Nimechukua msumeno wa chuma nikakata ubavu wa kasha. Sasa kadi imeingia, imetokeza nje kiasi tu. Kasha limepata dirisha. Kwa mazoea ya kazi nikaanza kulipima pazia, nikajizuia.

Jumamosi, 8 Machi

Akili mpya. Nimempigia Kocha nikamwambia nina rafiki yangu, mteja wa dukani, maskini kanunua vipuri bila kuuliza, je, asaidiweje.

Kocha akamhurumia sana huyo rafiki. Akasema mwenye busara huanza na prosesa, kisha hutafuta mazabodi inayoikubali, kisha ramu ya kizazi kile mazabodi inachokijua, kwa kuwa ramu za zamani haziingii bodi mpya. Mwisho pawa saplai yenye nguvu za kutosha na waya wa kuilisha kadi ya picha. Rangi, alisema, hata ziwe za upinde wa mvua. Na ikiwa mazabodi ameshainunua, basi abaki nayo atafute vinavyoifaa.

Nikaandika yote mkononi kwa kalamu. Kabla hajakata akasema nimsalimie rafiki yangu, na nimwambie asikate kasha tena. Nimekaa nusu saa nikijiuliza amejuaje. Kumbe mke wangu amefagia vumbi la chuma uani.

Jumatatu, 10 Machi

Muuza vipuri hakubali kurudishiwa. Nimembembeleza, nimempaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nimemsifu miwani. Wapi.

Lakini jicho la kazi halilali. Nyuma ya kibanda chake ana chumba anamoishi na mkewe, na dirisha wamelifunika magazeti. Nikamuuliza mkewe kama hachoki kuamka kila asubuhi akisoma habari zilezile. Akaguna. Nikajua nimeshinda.

Tumebadilishana. Yeye kachukua prosesa na ramu, kanipa zinazoifaa mazabodi yangu, na juu yake pawa saplai yenye waya unaotakiwa. Zote za kijani na kijivu, sura mbaya kupita kiasi. Mimi nimempa mapazia mawili rangi ya maziwa, yenye marinda, hali nzuri kabisa.

Ya sebuleni kwangu. Nimemwambia mke wangu nimeyapeleka kwa dobi.

Jumatano, 12 Machi

Mke wangu kauliza ni dobi gani huyo anayefua mapazia siku tatu. Nikamwambia ni mwangalifu.

Jirani wa ng'ambo, yule mama asiyepitwa na jambo, kamsifia mke wangu mboga tuliyokula jana. Hakuwa amealikwa.

Tatizo kubwa si hilo. Nimeunganisha kila kitu. Prosesa imekaa yenyewe, bila kusukumwa. Ramu zimeingia. Nikabonyeza. Feni zikazunguka, taa zikawaka. Kioo kikabaki cheusi. Nikazima nikawasha. Cheusi. Nikakifuta kwa kitambaa. Cheusi kilichong'aa.

Jumapili inakuja. Nimekaa kwenye chumba changu, kama bado ni changu, nikaona kabisa cherehani imekaa pale. Imenikata maini.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemeza mate machungu nikampigia Kocha. Rafiki yangu yule, nikasema, kioo chake kimekuwa cheusi.

Kocha akataka kujua rafiki yangu amechomeka wapi waya wa kioo. Kama ameuchomeka kwenye mazabodi basi atakesha, kwa sababu prosesa kama yake haitoi picha yenyewe. Picha iko kwenye kadi. Achomeke kule nyuma ya kadi, chini zaidi, kadi ile inayochungulia nje kupitia lile tundu alilokata.

Nikakata simu. Nikaenda nikahamisha waya.

Picha ikaja.

Nimelia. Sioni haya kuandika. Nilijifuta kwa kile kitambaa cha kufutia kioo. Nikamtumia Kocha ujumbe kwamba rafiki yangu anashukuru. Akajibu kwamba rafiki yangu anakaribia kuwa fundi. Ujumbe huo nimeusoma mara kadhaa. Huenda si mtu mbaya huyu, soksi tu.

Ijumaa, 14 Machi

Mambo yamekwenda mrama. Mke wangu alipita nyuma ya soko kununua uzi, akayaona mapazia yake yakipepea dirishani kwa watu.

Sitaandika yote aliyoyasema. Mengine yalikuwa ya haki. Hukumu: kanunua kitambaa kipya, na Jumapili atakikata na kukipiga marinda. Meza ndefu ya kukatia iko chumba cha uani, kwa hiyo ndimo atakamokatia. Nikamkumbusha kwamba Jumapili ndiyo siku yangu ya kurusha, siku ya sharti. Akasema hatanisumbua, atakaa nyuma yangu kimya na mkasi wake.

Nimewaalika wateja wote wa wiki hii waje kunitazama. Wote wameahidi. Mmoja aliahidi huku akikimbia.

Jumapili, 16 Machi

Nimeanza saa nane mchana. Shati jipya, kamera juu ya kioo, maiki mbele. Nimefunga bao zuri sana. Watazamaji: sifuri.

Nimefunga la pili. Akaingia mtazamaji mmoja! Nikamkaribisha kwa heshima zote, nikamuuliza anatazama akiwa wapi. Sauti yangu ikatoka mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeacha simu wazi. Mtazamaji ni mimi.

Halafu intaneti ikawa nzito. Nikaacha kila kitu kama kilivyo, nikakimbilia sebuleni kuisogeza ruta karibu na mlango. Jirani wa ng'ambo akaniona kupitia dirisha lisilo na pazia, akanisalimia, akaniuliza hali, akaniuliza za watoto, za kazi, na mbona siku hizi kasha la kompyuta yetu lina tundu. Ungemkatizaje mtu mzima? Nimesimama pale na ruta mkononi kama mwizi aliyeshikwa.

Niliporudi uani nilimkuta mke wangu ameiegemea meza, kitambaa cha kibuluu mkononi, anaongea na kamera. Kuna mtazamaji aliingia akaandika, mama, hayo marinda unayapimaje? Mke wangu akayaona maandishi kwenye kioo, akajibu. Unapima upana wa dirisha, unauzidisha mara mbili, na usimsikilize muuza duka anayekwambia mara moja na nusu yatosha. Kisha akaeleza kwa nini anashona pazia jipya. Alieleza yote, tangu msumeno mpaka dobi. Watu wakaitana. Nilipotazama namba walikuwa sitini na wanane, wanavunjika mbavu.

Sitini na wanane, katika chumba changu, kwa mashine yangu. Nilijaa kifua. Nikakaa kitini, nikawasalimia, nikaendelea na mechi.

Wakatoka. Nikafunga bao, wakatoka zaidi. Mwisho wamebaki wawili, na jua linazama.

Nikamwambia mke wangu ahesabu, nimeshinda, sharti lilikuwa mmoja. Akasogea akayasoma majina. Wa kwanza ni mama mkwe wangu, ambaye ni wa nyumbani. Wa pili alikuwa ameandika, mama anarudi saa ngapi? Mke wangu akasema huyo hanitazami mimi, anamngoja mtu mwingine. Abiria akiwa kituoni haimaanishi anatazama nguzo.

Nikahesabu upya, wallahi, majina ni mawili yaleyale. Nikanuna, ingawa sharti lilikataza. Iliniuma kweli. Si mchezo, si Kocha. Chumba.

Mke wangu akaja akakaa kwenye ukingo wa meza. Akasema chumba ni chake, hilo limekwisha. Lakini mashine haiondoki, na hakuna mwingine nyumba hii anayejua kuiwasha. Anataka niwe ninamrushia kila Jumapili. Kiti changu kitakaa palepale kilipo. Akasema hajawahi kuongea na watu wengi hivyo, na kwamba rinda moja alilikunja vibaya na hakuna aliyeona. Niliona mimi, sikumwambia. Nikamwambia kesho nitaweka taa ya pembeni, ya sasa inampiga machoni.

Jumatatu, 17 Machi

Watu sita wameandika wanataka mapazia kama yale. Mke wangu tangu asubuhi anaimba. Kocha kapiga kumpongeza dada yake, kisha akaomba kuongea na yule rafiki yangu. Nikamwambia hayupo.

Kiti changu kiko palepale. Lakini kwenye kamera kinaonekana, kwa hiyo mke wangu kaniomba nisogee kidogo. Nikasogea. Kidogo tena. Naandika haya nikiwa ukumbini.

Sivunjiki moyo. Chini ya ngazi pana nafasi tupu, pana ndoo na ufagio tu, vitu visivyo na haraka. Panaingia kompyuta ya pili, ya kwangu peke yangu. Na safari hii nimekomaa. Kuchagua vipuri kwa rangi ni utoto. Nimekaa nikafikiri, nikaona siri iliyowapita wote, akiwemo Kocha. Kipuri kizuri ni kizito. Prosesa nzito, ramu nzito, vikilingana uzito vitapatana tu, vitakataaje?

Nimeshaazima mizani kwa muuza nyama. Kesho saa mbili asubuhi niko nyuma ya soko.