Matone ya Asubuhi ya Harusi

Leo nimeaibika kanisani, na bwana harusi nilikuwa mimi. Nawaandikia mapema, ninyi mliobaki kinuni Kitale, kabla Wafula hajarudi huko na kuongeza chumvi.

Mnajua vumbi la mahindi linavyoingia masikioni. Mimi nilikuwa nalichokoa kwa kijiti cha kiberiti (mlinionya, najua) hadi nta ikasukumwa ndani ikakaa kama kizibo. Nilipofika nyumbani Myanga wiki hii, nikaenda kwa dresa wa zahanati. Akanichungulia, akanipa chupa ndogo ya mafuta.

"Pasha chupa kwa kiganja," akasema. "Lala ubavu, tia matone machache, tulia hivyo kidogo. Sikio moja kwanza. Hiyo nta itavimba kabla ya kulainika, utaona umeziba zaidi. Usiogope. Na kijiti tupa."

"Lakini harusi ni Jumamosi, daktari."

"Basi anza leo, ama ngoja harusi ipite."

Sikuanza. Kulikuwa na kuni za kupasua, wageni wa kupokea, na ng'ombe mmoja aliyekataa kabisa kuvuka mto. Leo asubuhi ndipo nikaikumbuka chupa. Nikaona si vizuri kusimama kando ya Nekesa na masikio machafu. Nikatia la kulia. Nikageuka, nikatia la kushoto. Nikavaa suti ya kuazima.

Tulipofika kanisani, dunia ilikuwa imenyamaza! Nilichosikia ni sauti yangu tu, nayo ilinguruma kana kwamba nimeingiza kichwa ndani ya debe.

"Wafula," nikamwambia msimamizi wangu, "mbona napiga kelele?"

Midomo yake ikacheza. Sikuambulia kitu. Nikaamua kuongea kwa sauti ya chini mpaka ibada iishe.

Padri akanigeukia, akasema maneno, akangoja. Tulikuwa tumefanya mazoezi, kwa hiyo nilijua ni zamu yangu.

"Nakubali," nikajibu. Kwangu mimi ilivuma hadi darini.

Padri akainama mbele, akauliza tena. Nikadhani nimemkera kwa kelele, nikapunguza sauti. Akauliza tena. Nikapunguza zaidi! (Kumbe hata mara ya kwanza hakuna aliyenisikia.)

Nilikuwa nimeinamisha kichwa kwa heshima, na hapo mafuta yakaanza kunitoka sikioni. Yakapita shavuni, yakadondoka kwenye kola. Watu waliona tu shavu la bwana harusi limelowa.

Mjomba wa Nekesa akasimama. Maneno yake nimeletewa na Wafula baadaye.

"Huyu kijana analia nini? Kama hataki msichana wetu, si aseme! Ng'ombe zake tutarudisha leo leo!"

Ukoo wao wote ukasimama. Wetu nao ukasimama. Mimi nikadhani ni wakati wa wimbo, nikafungua kitabu cha nyimbo.

Kisha nikamtazama Nekesa. Yeye alikuwa analia kweli, na hapo nikaogopa. Nikamwonyesha sikio kwa kidole. Akaligusa, akatazama mafuta kwenye glavu yake nyeupe. Akainua shela, akanivuta sikio mbele ya padri, akapaza sauti humo humo ndani:

"Wewe! Wanadhani hunitaki!"

"NAKUBALI!" nikanguruma. "NAKUBALI, BANA!"

Wapishi waliokuwa nje wakaitikia amina. Mjomba akaketi. Padri alifuta miwani yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Tumeoana. Jioni hii, nikiwa nimelala ubavu kama nilivyoagizwa, sikio la kushoto limefunguka. Kitu cha kwanza nilichosikia ni wanawake jikoni wakiimba wimbo mpya kuhusu bwana harusi anayelia mafuta. Una beti nyingi.

Kwa hiyo nawaomba msicheke. Nikirudi Kitale, nitakuwa nasikia vizuri sana.