Nywila Vipande Vitano

Jumatatu, 3 Machi
Wasifu wangu wa utafiti umekamilika. Kurasa thelathini na moja! Miezi minne nimeuchapa kwenye kompyuta ya karakana kwa kidole kimoja, kile ambacho hakijaungua kwa kulehemu. Sura ya kwanza: mawasiliano yasiyotumia waya. Nimeeleza nilivyonasa matangazo ya mpira wa bara jingine kwa antena ya mfuniko wa sufuria, hadi refa akawa anasikika akipumua. Mashahidi wapo, ingawa wengi wamehama.

Kazi yenyewe ni ya fundi wa maabara, chuoni anakofundisha mpwa wangu, binti wa dada. Mpwa ni daktari, lakini si wa sindano. Alianza na mawimbi ya redio, siku hizi anazifundisha kompyuta nyingi zifanye kazi moja bila kuaminiana. Mwisho wa kuomba ni Ijumaa, saa kumi jioni. Naitaka kazi hii, nisidanganye. Redio ya mwisho kuletwa hapa karakana ilikuja mwezi wa kumi, na mwenyewe aliomba nimsaidie kuitupa.

Jumanne, 4 Machi
Mpwa kapita kunisalimia. Nikamuuliza wataalamu wenzetu wanalindaje maandishi yao. Maana wasifu kama wangu unaibika! Akanieleza: siri inagawanywa kwa watu watano, wowote watatu wakikutana inafunguka, hata kama kati ya watano yumo adui. Halafu akachukua kalamu, akaanza kuchora mistari iliyopinda. Nikamwambia mwanangu, inatosha, mjomba keshaelewa. Akasema mjomba, hapo ndipo nilikuwa naanza. Wasomi hawajui pa kuishia.

Utekelezaji papo hapo. Nikafumba macho nikapapasa vitufe: herufi na tarakimu ishirini, hata mimi sizijui. Nikafunga kompyuta kwa hizo. Nikazinakili kwenye karatasi, nikaikata kwa mkasi vipande vitano. Kimoja kwa Mama Watoto. Kimoja kwa dada. Kimoja kwa shemeji. Kimoja kwa kinyozi. Cha tano kilihitaji adui. Nashukuru ninaye, tena mlango wa pili: yule fundi simu tunayemwita Waya Moja. Nilipomweleza kwa nini nimemteua alicheka hadi akakaa chini. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi
Nilitaka kuongeza nukta moja tu ukurasa wa tisa. Kompyuta ikadai nywila. Safi sana! Ulinzi unafanya kazi. Nikazunguka kuchukua vipande vitatu: cha dada, cha shemeji, cha kinyozi. Nikaingiza. Ikakataa. Nikageuza mpangilio. Ikakataa.

Nikampigia mpwa kumjulisha kwamba sayansi yake ina kasoro. Akauliza, mjomba, siri uliigawanya kwa kutumia nini? Nikasema mkasi. Nikamsikia kama mtu anayebana pua asicheke. Mwishowe akasema ile mistari niliyomkatisha ndiyo inayofanya watatu watoshe. Aliyekata kwa mkasi lazima avipate vyote vitano. Sikumlaumu. Angesema mapema.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda kwa Mama Watoto. Kipande kilikuwa mfukoni mwa gauni. Gauni limefuliwa, limeanikwa, limepigwa pasi. Karatasi imekuwa kama uji mkavu. Alama mbili zimesalia, moja ama ni nane ama ni mtu amevaa kofia. Nikamuuliza kwa nini hakuitunza. Akasema Baba Watoto, ulinikabidhi karatasi mikono yangu ikiwa na unga, ukaniambia usimwambie mtu, ukakimbia; ulitaka nijue ni nini? Akaongeza kuwa mtu mwenye siri nyingi hivi angeoa kasiki ya benki. Nimeuacha mjadala kwa heshima.

Kwa Waya Moja ni balaa. Kipande anacho, kasema, ila kwanza nisimame kwa kinyozi mbele ya wateja nitamke kwamba antena ile ya sufuria aliibuni yeye. Mwizi wa mchana! Mfuniko tu ndio ulikuwa wake.

Ijumaa, 7 Machi
Saa nane mchana nimemeza kiburi. Nimesimama kwa kinyozi nikakiri, kwa sauti ya chini. Kinyozi akazima mashine ili asikie. Mteja mwenye nusu ya nywele akasema, eh mzee, rudia, huku nyuma hatujapata. Nikarudia! Waya Moja akapiga makofi, akanipa kipande.

Nikakimbia karakana. Nikaunganisha vyote, yule mtu wa kofia nikamkisia pamoja na alama zilizofutika. Nikaingiza mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Kompyuta ikasema nisubiri saa moja. Ilikuwa saa tisa na nusu. Ndipo nikakitazama vizuri kipande cha Waya Moja. Mwandiko si wangu. Amenakili nambari zake za simu za biashara!

Saa kumi ilipogonga nilikuwa nimeketi tu, nauangalia mkasi.

Jumapili, 9 Machi
Mpwa kaja mwenyewe. Kumbe walioomba ni wawili tu, na mmoja alidhani ni kazi ya upishi. Muda umesogezwa hadi Jumatano. Halafu akaniambia kwa upole kwamba tangazo lilitaka ukurasa mmoja. Mmoja! Akasema, mjomba, hakuna pale chuoni anayeijua antena kwa mkono kama wewe, nilishawaambia; andika ukurasa kwa kalamu, nitaupeleka, na nakuomba, usifunge chochote. Nimemuahidi.

Jumanne, 11 Machi
Ukurasa umekamilika, nao ni mzuri ajabu. Kalamu nimeona ni ushamba, nimeuandika kwenye simu ya Mama Watoto. Mpwa anakuja kuuchukua kesho saa mbili asubuhi.

Ahadi nimeitimiza: hakuna nywila, hakuna vipande, hakuna mkasi. Nimefunga kwa alama ya kidole tu. Kidole changu nimekikataa, maana adui akikitaka ananikamata mimi. Alikuwa anapita fundi wa kuezeka mabati, mgeni, akaomba maji. Nikampa maji, akanipa kidole. Simu ikadai pia nambari ya siri ya akiba. Nikafumba macho nikabonyeza.

Mtu mwema sana, akashukuru akaenda zake. Ulinzi wa daraja hili sijauona popote: hata mimi mwenyewe sijui anakaa wapi.