Gari Langu na Harusi ya Wilkister

Jumatatu, 7 Juni 1965

Nimenunua gari! La kijani, milango minne, mitatu inafunguka. Jumamosi nitambeba dada yangu Wilkister kutoka nyumbani Bulumbi hadi kanisani Busia. Padri amesema misa ni saa nne kamili. Bibi harusi akichelewa, yeye padri anakwenda zake Tororo na harusi ingoje mpaka Agosti. Baba akauliza kwa nini tusimwite Badiru, yule anayevusha watu boda kwa baiskeli, maana hajawahi kumchelewesha mtu. Baiskeli! Bibi harusi! Baada ya Jumamosi kila harusi itanitafuta mimi, na Badiru atauza kengele yake.

Wezi wa petroli wamejaa hapa mpakani. Nimekata kipande cha tyubu, nikakivisha kifuniko cha tangi, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Hata harufu haitoki. Akili ni mali.

Jumanne, 8 Juni

Nilikwenda Tororo kununua utepe mweupe. Maili ya saba gari likakohoa, likazimika. Nikapiga stata: linazunguka, haliwaki. Nikafungua boneti. Nikaifunga. Nikazungusha hendeli mpaka mkono ukafa ganzi. Akaja askari wa forodha, akanishuku navusha petroli ya magendo, akaamuru nifungue tangi. Fyuuu! Likatoa mlio kama mtu anayeshusha pumzi. Akachungulia, akanusa, akaniambia nifunge niondoke. Gari likawaka hapo hapo!

Jawabu liko wazi. Gari hili linaogopa Serikali.

Jumatano, 9 Juni

Nimeazima koti la shemeji Erisa, mlinzi wa ghala. Lina vifungo vya shaba. Gari lilipozimika nikalivaa, nikalikemea gari kwa Kiingereza. Wapi! Ndipo akapita Badiru, amempakia Mama Zubaida na kuku wawili. Akauliza, "Bwana Rasto, petroli iko?" Kabla sijamjibu ameshafungua tangi. Fyuuu! Akafunga, akasema iko. Nikapiga stata. Likawaka! Mama Zubaida alicheka hadi kuku wakapiga kelele.

Sasa sielewi kitu. Badiru si Serikali. Au ni yeye anayelizima, kisha analiwasha ili anidhalilishe? Kichwa kinaniuma.

Alhamisi, 10 Juni

Kwa Nasuru, fundi wa Tororo. Njiani gari lilizimika mara mbili. Kila mara nililala kivulini mpaka lilipokubali kuwaka. Mara ya tatu likazimika mlangoni pake. Nasuru akachomoa plagi, akasema cheche ziko. Akafungua mrija wa kabureta: mkavu. Akaenda kwenye tangi. Fyuuu! Akacheka mpaka akaketi juu ya gurudumu. Akanieleza kwamba petroli ikitoka, lazima hewa iingie mahali pake, na mimi nimeliziba gari langu pua. Akabandua tyubu, akanitia mkononi. Basi! Fundi mzima, hakubadilisha hata skrubu!

Nimerudi Busia bila kusimama. Bahati tu.

Ijumaa, 11 Juni

Nimebeba viti na sufuria za harusi siku nzima. Halikuzimika hata mara moja. Lakini linanuka. Wilkister alishika pua, akasema gauni lake litanuka kama duka la mafuta ya taa. Nimewaza sana. Nasuru anajua magari, hajui mabibi harusi. Nimerudisha tyubu. Pembeni nimeziba kwa sabuni ya mche.

Jumamosi, 12 Juni

Likazimika maili mbili kabla ya kanisa. Saa tatu na nusu! Nilipuliza kabureta. Nilivaa koti la Erisa. Niliwaomba wasimamizi wasukume, mmoja akapasua suruali. Wilkister alilia, akaniita jina ambalo dada hamwiti kaka yake. Halafu nikasikia kengele. Badiru akafuta kile kiti chake cha nyuma kwa leso, akasema, "Dada, kalia hapa. Tunafika." Wilkister akakunja shela kifuani, akapanda. Hakunitazama.

Walifika dakika mbili kabla ya saa nne. Padri alimsifu Badiru mbele ya watu wote. Baba alimkalisha meza kuu. Mimi nilifika kwa miguu keki ikiisha, watu wakadhani nimekuja kuosha sufuria. Niliona aibu, siwezi kuficha. Familia mbili zimekwisha kumwita Badiru kwa harusi za Julai.

Lakini nimetafakari, na ugonjwa nimeupata. Gari ni zima kabisa. Halipendi harusi tu! Nimezungumza na Okochi, seremala wa majeneza, na amekubali: misiba nitabeba mimi. Tyubu nimeongeza ya pili, maana matangani wezi ni wengi zaidi. Safari hii sina wasiwasi. Marehemu hana haraka, na hawezi kushuka akapanda baiskeli.