Safari Kuu ya Impératrice hadi Mlango wa Kanisa

Kaeni kitako, enyi watu wa Baraka na wa Nundu, nanyi mlioteremka kutoka Lubondja na mihogo kichwani. Tueni mizigo, nyamazisheni redio, na mwenye kukohoa akohoe sasa hivi, kwa maana nataka kuwasimulia ule mwendo mkuu, mwendo wa hatua mia nne, aliouongoza Isidore mwana wa Alimasi, Bwana wa Usukani, Mpangusa Vioo, katika mwaka wa pili wa vita ya pili, mchana kweupe, mji mzima ukitazama. Mimi nilikuwepo. Nilisukuma nyuma, upande wa kushoto, na asiyeamini aje aone bega langu lilivyoinama mpaka leo.

Jueni kwanza utukufu uliotangulia. Gari hilo lilitengenezwa Ulaya kwa ajili ya mabalozi, likavuka ziwa juu ya mashua mbili zilizofungwa pamoja, na inasemekana samaki walitoka majini kulitazama. Mimi sikuwaona wote. Lilikuwa jeusi na refu, hata pua yake ikifika sokoni mkia ulikuwa bado bandarini. Alama ya kiwanda iling'olewa na askari mmoja aliyetaka kuivaa kifuani kama nishani, ndipo Isidore akaandika ubavuni, kwa rangi ya dhahabu, jina alilolichagua yeye mwenyewe: IMPÉRATRICE, ndiyo kusema Malkia Mkuu. Na chini ya jina, tangazo lake: Haraka na Heshima. Likabeba mawakili, likabeba maaskofu, likabeba kila bibi harusi mwenye jina, na vumbi lake lilikaa hewani mpaka kesho yake.

Kisha vita ikaingia, nayo ikaingia na njaa yake ya magari. Kila kikosi kilichofika mjini, na vilifika vingi, kiliulizia magari kabla ya kuulizia maji ya kunywa. Isidore, Mwerevu kati ya Werevu, akaing'oa injini, akamkabidhi mama mkwe aizike shambani katikati ya mihogo. Mama mkwe akaizika vizuri sana. Kisha risasi zikalia, akavuka ziwa kwenda ukimbizini pasipo kusema ni chini ya tuta lipi. Shamba lile tumelilima mara tatu: mihogo tumepata, injini hatujaiona.

Ndipo jina la Impératrice likaanguka. Kuku walitagia kiti cha mabalozi. Magurudumu yalijazwa majani makavu badala ya upepo. Na maharusi wakamwendea Casimir, Mfalme wa Pedali, aliyefunga sponji na satini nyuma ya baiskeli yake na maua ya plastiki mbele. Wafua sufuria wawili wakaja uani kwa Isidore, wakagonga milango ya Impératrice kwa vidole na kusikiliza mlio.

"Huu mulango utatoa sufuria kumi," akasema mmoja. "Na hili paa, hapa iko masufuria ya kupikia kilio nzima."

Isidore akawazuia kwa mikono miwili. Wakapatana hivi: ikiwa Jumapili itapita pasipo bibi harusi hata mmoja kupanda Impératrice, basi Jumatatu watakuja na nyundo.

Naam, Jumamosi asubuhi ikatokea jeshi kutoka Nundu, jeshi la wanawake watano wenye masufuria kichwani, na mbele yao Mama Constance, Shangazi wa Mashangazi, Ngome Isiyopandwa. Alikuja kumfikisha kanisani Pulchérie, binti wa kaka yake. Akasimama uani, akatazama gari, akatazama kuku, akasema:

"Papa Isidore, huyu mutoto akiwa na miaka kumi we ulimuambia kwa kinywa yako: siku utaolewa, mi ndiye nitakupeleka. Leo anaolewa. Bamama hawa batembee toka Nundu kwa miguu, sawa. Lakini mutoto wangu hatakanyaga vumbi mbele ya bakwe zake. Bila gari, tunarudi naye Nundu, na bwana harusi Placide aoe hiyo kanisa."

"Mama, motere hakuna, iko kwa udongo."

"Mi sikuomba motere. Niliomba gari."

Hapo Isidore akainua macho mbinguni kama jemadari aliyeletewa habari za adui, akafukuza kuku, akatandika shuka jeupe, akatuita wanaume kumi na wawili wa kwaya, sisi simba wa sauti ya besi. Kwa kuwa tumbo la mbele, mlimokaa injini, lilikuwa tupu na safi, akina mama wakapanga humo masufuria yao ya wali, sombe ya majani ya mihogo na samaki. Pulchérie akaketi kiti cha mabalozi. Isidore akashika usukani. Tukainamisha mabega, na Impératrice, baada ya miezi kumi na sita ya kulala, ikatikisika, ikalia kama ng'ombe anayezaa, ikaenda.

Ikaenda polepole, ndugu zangu. Kobe mmoja alitupita, nami nikamsalimia.

Hatukufika mti wa tatu kabla Casimir hajatokea ubavuni na baiskeli yake, kengele ikilia, akizunguka gari mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano.

"Papa Isidore, mutafika Paska gani?" akauliza. "Teremusha bibi harusi. Mi namufikisha kanisani mbele mumalize kupumua."

Isidore akakazana na usukani. Jasho lilimtoka, na niliona kwenye kioo macho yake yamekwisha kufika Jumatatu, kwenye nyundo. Kumbe aliyejibu alikuwa Mama Constance, aliyekuwa akitembea pembeni ya dirisha.

"Casimir, wiki ilipita ulibeba mutoto wa dada yangu."

"Ndiyo, mama. Dakika mbili."

"Dakika mbili. Alifika anatoka jasho, kilemba kwa shingo, sawa muntu wa kufukuzwa na nyuki. Bakwe bakauliza: huyu alikuwa na haraka gani ya bwana? Mupaka leo banamucheka. Kwetu bibi harusi anaenda pole, hatua, anasimama, hatua, bantu bamuone, bajue nyumbani alikuwa anapendwa. Haya, tembeza hiyo kinga yako ya pedali pole pole, tuone."

Casimir, mtu asiyekataa vita, akapunguza mwendo. Akapunguza tena. Baiskeli ikayumba kulia, ikayumba kushoto, na mbele ya umati ikalala mtaroni na maua yake yote.

Basi nikamwona Isidore akinyooka kitini. Nilimfahamu tangu utoto, na uso ule nilikuwa sijauona tangu injini izikwe. Katika siku zake zote za utukufu alikuwa akiwakimbiza mabinti za watu barabarani kama mizigo ya samaki wabichi, na mashangazi walinyamaza kwa kuiheshimu injini.

"Bwana zangu," akatuambia, "punguzeni kidogo."

Tukapunguza. Wanawake wakatoka majumbani, wakapiga vigelegele dirishani, wakamwona Pulchérie usoni, hereni, nyusi na machozi, na yeye akawaona wao.

Lakini mbele yetu, juu ya kilima cha daraja, kilima chenye kimo cha mbuzi aliyesimama, ilikuwapo bariye, kizuizi cha askari. Kamanda akanyanyua mkono.

"Gari hii inaingia kwa kazi ya jeshi," akasema. "Amri iko wazi. Kila gari yenye motere."

Isidore akashuka kwa heshima, akafungua kifuniko cha mbele. Mvuke ukapanda, harufu ya samaki wetu, mikebuka ya kukaanga, na mawese ikatangaa mpaka ziwani. Kamanda akainama. Akatazama kwa muda mrefu, kama fundi.

"Motere iko wapi?"

"Motere ni sisi, Afande," nikajibu mimi, maana sikuzote hodari wetu ndiye hunena kwanza; ingawa wapo wanaodai alikuwa mwingine.

Kamanda akafikiri. Amri ilisema motere. Samaki hawakutajwa. Mama Constance akampakulia sahani bila kuulizwa, naye akala amesimama, miiba akawapa ndege, kisha akawageukia askari wake watatu.

"Na nyinyi munatazama nini? Kilima hii bazee batapanda peke yao?"

Basi wakaweka bunduki kwenye ukuta wa daraja, wakasukuma nasi huku tukiimba. Miaka yote ile sisi ndio tuliobebeshwa mizigo yao kwa lazima. Siku hiyo wao walibeba wetu, na mmoja aliimba sauti ya tatu vizuri kabisa.

Hivyo tukakishinda kilima, tukateremka kwa vita vikali vya kushikilia gari lisikimbie, na saa sita kasoro robo, baada ya saa mbili na nusu za njia, Impératrice ikasimama mbele ya mlango wa kanisa. Placide alikuwa pale, amelowa jasho kwa hofu. Kabla hajafungua mlango wa gari, mashangazi saba walikwisha kumzunguka Isidore, kila mmoja akitaja jina la binti yake na Jumamosi yake. Isidore akawajibu, mikono nyuma kama waziri:

"Ndiyo, mama, nafasi iko. Lakini siwezi kuahidi mwendo wa haraka."

Placide akanyoosha mkono kumpokea bibi harusi wake. Pulchérie akautazama mkono ule, akautazama umati, akapangusa machozi, akajiegemeza tena kwenye shuka jeupe.

"Papa Isidore," akasema, "kama bapapa hawajachoka, tuzunguke kanisa mara moja."

Tulikuwa tumechoka. Tulizunguka mara mbili, pasta akitembea mbele na kitabu chake kimefungwa. Na iandikwe hivyo, kwa wale watakaozaliwa: kwamba mwaka ule majeshi yalikwenda mbio huku na huko katika nchi yetu yote ya Fizi yasifike popote, na gari moja tu, lisilo na injini, ndilo lililofika.