Bango Langu kwenye Uzio wa Bi Merle

Jumatatu, 8 Septemba

Mabango yamefika! Uso wangu kwenye kila moja, mkubwa, unacheka. Chini yake: DESMOND TRANTER, BWAWA LIBAKI. Noreen ameutazama kwa muda, akasema meno yamezidi. Hayajazidi.

Bwawa ni kwa ajili yake. Tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga, mke wangu huogelea kila asubuhi katika bwawa la mji, na ndilo lililomtoa kitandani. Sasa kiti kimoja cha diwani kiko wazi, na Lindsay Blick, muuza matrekta, anakigombea ili bwawa lifukiwe liwe maegesho ya magari. Madiwani waliobaki wamegawanyika nusu kwa nusu. Atakayeingia ndiye atakayeamua. Nimemwambia Noreen bwawa lake halitaguswa maadamu niko hai. Amenibusu upara.

Siri ya ushindi ninayo: uzio wa Bi Merle Kostka, pale njia panda, karibu na shule tunakopigia kura. Mji wetu mzima wa Wirrabilla hupita hapo ukienda kununua mikate. Kesho asubuhi nauteka.

Jumanne, 9 Septemba

Nimechelewa! Nimekuta bango la Glenys Pascoe limeshafungwa. Glenys ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, kocha wa netiboli, naye anagombea. Naye anataka bwawa libaki! Kaniibia sera. Noreen anadai Glenys aliisema mwanzo, mwezi Machi, mkutanoni, na mimi nilikuwepo. Sikumbuki Machi.

Bango lake liko juu ya lango, katikati kabisa. Kumbe alimpelekea Bi Merle keki ya limau. Mimi nilikwenda mikono mitupu, ikabidi niahidi kumsafishia mifereji ya paa. Bi Merle akasema uzio ni mrefu, tusigombane kama kuku. Nimepewa upande wa kushoto, chini ya mkaratusi. Kushoto! Anayetoka kusini hanioni mpaka ameshanipita. Nimepita mwenyewe kwa gari mara kadhaa kuhakikisha. Sijala mchana.

Alhamisi, 11 Septemba

Asubuhi nililiinua bango langu likawa juu kuliko la Glenys. Nilipotoka kwenye mifereji ya Bi Merle, la Glenys lilikuwa juu ya langu. Nikaunga mti chini ya bango ili lirefuke. Naye akaunga mti. Nikaenda kununua kamba za plastiki za kukazia, nikaambiwa zimekwisha mji mzima. Uchaguzi na magipai vimekuja pamoja. Kila majira ya machipuko, kama sasa, ndege huyo wa mabaka meupe hushambulia vichwa vya watu karibu na kiota chake, basi watu huchomeka kamba hizo kwenye helmeti za baiskeli zisimame kama miiba. Yaani demokrasia inasubiri ndege!

Noreen amenikalisha jikoni. Akasema, "Des, karatasi ya kura ina namba: moja kwa unayemtaka, mbili kwa anayefuata. Waambie watu wako wampe Glenys mbili, naye awaambie wake wakupe wewe mbili. Mmoja wenu akianguka, kura zake zinamwendea mwenzake. Blick anatoka kapa."

Nimemwambia ni wazo zuri. Nimekubali kabisa, ila Glenys kwanza ashushe bango lake shubiri moja. Noreen ameinuka akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumapili, 14 Septemba

Wamenitoboa macho! Bango limebaki na meno matupu. Nilijua ni nani. Nikamfuata Glenys kwenye foleni ya duka la mikate, nikamsomea mashtaka mbele ya watu, kidole juu.

Akamaliza kutafuna, akaniambia, "Des, ningetaka kukutoboa macho nisingehangaika na bango."

Watu wakacheka. Hata muuzaji, ambaye nilikuwa namhesabu kuwa wangu. Nimelipa pai nikaisahau kauntani. Jioni nimefunga kwenye mkaratusi ile kamera yangu ya kunasia mbweha. Ushahidi utasema.

Jumatatu, 15 Septemba

Ushahidi umesema. Ni magipai. Ana kiota juu kabisa ya bango langu, na anauchukia uso wangu kwa dhati, anaurudia na kuurudia. La Glenys hajaligusa. Kwenye kamera hiyohiyo yumo pia mwanamume mwenye upara, kavaa nguo za kulalia, akisukuma bango la Glenys kulitoa langoni. Nimeifuta picha hiyo. Bahati mbaya Noreen alikuwa amesimama nyuma yangu.

Amesema niende nikamwombe Glenys radhi, na tumalize habari ya namba. Nitakwenda. Lakini nimepata wazo, na wazo haliwekwi kiporo. Magipai hasahau sura. Amlishaye humpenda, asiyemjua humshukia. Basi nitamlisha nyama ya kusaga mpaka anipende, halafu siku ya kura atashughulika na upande wa pili. Naona raha mpaka miguu inacheza yenyewe chini ya meza.

Alhamisi, 18 Septemba

Mafanikio makubwa! Ndege anakula karibu na kiatu changu. Nakwenda kwa tahadhari, bila shaka: nimevaa barakoa ya kuchomelea vyuma, imefunika uso wote hadi kidevu. Bi Merle alichungulia dirishani akafunga pazia. Noreen aliniuliza huyo ndege anadhani anakula na nani. Swali la ajabu.

Mchana Glenys alibisha hodi. Alikuwa anakwenda kuchapisha vipeperushi. Hakutaja mambo ya foleni. Alisema, "Nimekuandika wewe namba mbili, Des. Niandike na mimi. Si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya Noreen na lile bwawa."

Nilitaka kusema ndiyo. Naapa ilikuwa kwenye ulimi. Kilichotoka ni kumuuliza, na lango je? Alinitazama, akaaga, akaenda zake. Vipeperushi vyangu vimetoka jioni, vizuri sana: ANDIKA 1 KWA TRANTER, HALAFU WEKA KALAMU CHINI. Noreen amekisoma kimoja, akakirudisha mezani kifudifudi. Sina usingizi. Lakini ni furaha hiyo.

Jumamosi, 20 Septemba

Siku ya kura. Noreen alikuwa anachoma soseji za kukichangia kikosi cha zimamoto langoni pa shule, moshi na vitunguu, watu wamejaa. Nikasimama kwenye uzio wa Bi Merle. Nikavua barakoa ili wapigakura wanijue.

Ndege alinijua kabla yao. Alikuja kwa nyuma, akanipiga upara, akageuka akaja tena. Kila aliyenyoosha mkono kupokea kipeperushi alipata fungu lake. Watu walikimbilia upande wa Glenys, langoni, na soseji zao. Mwishowe ni Glenys aliyekuja, akanivika kichwani ndoo ya aiskrimu iliyochorwa macho mawili ya kutishia ndege. Ndege akaniacha palepale. Nikapumua, nikagawa vipeperushi kwa bidii, na ilikuwa karibu saa za kufunga nilipofahamu kwamba ndoo ile ina jina la Glenys pande zote.

Matokeo yamesomwa jioni, ukumbini. Blick wa kwanza, Glenys wa pili akimfuata kwa karibu, mimi wa tatu. Kwa hiyo nimeanguka mimi, na kura zangu zilipaswa kumwendea aliyeandikwa namba mbili. Chache zilikwenda. Nyingine zote zilikuwa na moja tu, kalamu imewekwa chini. Wapigakura walinitii! Ni mara ya kwanza mji huu kunitii. Blick amepita kwa tofauti ya watu ambao wangeenea kwenye basi la shule.

Noreen hakunigombeza. Nilimkuta nyumbani anakunja taulo lake la kuogelea, taratibu, pembe kwa pembe, akaliweka kabatini kule juu asikofika bila kupanda kiti.

Jumatatu, 6 Oktoba

Bwawa limefungwa, kwa kura ya Blick. Noreen ameanza kwenda bwawa la mji wa jirani katika gari la Glenys, mwendo mrefu, nyonga inamuuma njia nzima. Wanakusanya sahihi za kulitetea letu. Juzi alisimama mlangoni akasema, "Njoo na wewe, Des. Nyuma kuna nafasi." Nikaenda kibandani nikalia kidogo. Kweli nililia. Mimi ndiye niliyemfungia mke wangu bwawa, kwa sababu ya shubiri moja.

Nimebadilika. Nimewaambia nitawatengenezea mabango ya sahihi, mawili, langu na la Glenys, ya uzio wa Bi Merle. Noreen amesema pasiwe na uso wa mtu, ni maneno tu. Nimekubali bila ubishi. Nimeweka uso mdogo tu kwenye pembe, umefunga mdomo.

Na leo sikuchelewa! Nilifika na ngazi Bi Merle hajafungua pazia. Uzio mtupu! Langu liko juu ya lango, katikati kabisa, magari ya kusini yanaliona tangu darajani. La Glenys nimelitundika kushoto, chini ya mkaratusi. Shubiri moja chini ya langu. Nimepima.